Rangi ya Upande wa Barabara

Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbinga mjini, na kwa muda niliokaa nyuma ya kaunta nimegundua kwamba rangi ya kuzuia kutu hununuliwa na watu wa aina mbili: wenye kutu na wenye wageni. Wenye kutu ni wachache.

Mwenye kutu huja na swali. Geti lake limeanza kulika kwa chini, au miguu ya tangi la maji imeota magamba, anataka kujua afanye nini kabla halijamwangukia mtu. Namwambia akwangue kwa brashi ya waya mpaka chuma chenyewe kionekane, apige msasa, afute vumbi kwa kitambaa chenye thina, apake praima nyekundu, asubiri ikauke, halafu ndipo apake rangi, mara mbili, nyembamba. Anasikiliza, ananunua, anaondoka. Mwenye wageni hana swali, ana haraka. Kipaimara cha mtoto kimefika, au wakwe wanapanda kutoka ziwani, anataka kopo la "ile inayong'aa." Nikitaja brashi ya waya ananitazama kama nimetaka kumuibia. Nimemwona mtu aliyepaka baiskeli yake pamoja na mnyororo. Mzee mmoja wa kijiji cha Ruanda, hapa hapa Mbinga, alinijia juu kwamba rangi yangu imebanduka. Nilipomuuliza aliipaka juu ya nini, akasema juu ya ile ya zamani, iliyokuwa imebanduka.

Mwezi wangu wa mavuno ni wa kumi. Siku ya Marehemu Wote inakaribia, Padre atapita kubariki makaburi, na watoto waliohamia Songea, Mbeya na Dar es Salaam wanakumbuka kwa pamoja kwamba wana wazazi waliolala huku milimani. Misalaba ya chuma iliyokaa mwaka mzima ikinywa umande inapakwa rangi ya fedha. Nyuzio za nondo zinapakwa nyeusi, ncha zake dhahabu. Familia moja ikiweka dhahabu, ya jirani inarudi dukani kesho yake kuulizia dhahabu. Ukipita vijijini wiki ile, ukatazama makaburi kisha ukatazama nyumba, utadhani waliokufa ni wale wanaoishi kwenye nyumba. Nawacheka sana, lakini nawauzia.

Mwaka huu ninaousimulia, waliostahili kuchekwa tulikuwa sisi.

Baba yetu amelala kijijini Maguu, chini kidogo ya nyumba yake, pale mibuni inapoishia na ngolo zinapoanza, yale mashimo yetu ya kulimia yanayouvisha mlima mzima. Hakuwa mtu wa makuu. Mwaka kahawa ilipomlipa, alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma akaiezeka kwa bati, na tangu siku hiyo bati lile halikuguswa na chochote isipokuwa jua na mvua. Nilipokuwa mtoto lilikuwa jeupe. Nilipoolewa lilikuwa la kahawia. Baba alipofariki lilikuwa jekundu, na juu ya chumba cha mama lilikuwa na matundu yaliyomwaga vijiduara vya mwanga kitandani mchana kutwa.

Mama alikuwa na utaratibu wake. Mvua ikianza, beseni linakaa miguuni pa kitanda, sufuria inakaa kando ya sanduku la vitenge, na yeye mwenyewe anajikunja upande wa ukutani. Msimu uliotangulia alikohoa kuanzia Krismasi mpaka Pasaka. Mganga wa zahanati alimwambia asilale kwenye unyevu. Mama akamshukuru, akarudi kulala kwenye unyevu. Mimi niliogopa. Kila nilipoliona wingu likipanda kutoka upande wa ziwa nilijua kwamba msimu mwingine chini ya bati lile unaweza kummaliza.

Utaniuliza, wewe mwenye duka la mabati ulikuwa wapi? Nilikuwa mlangoni kwake, na mabati yakiwa juu ya gari. Alinirudisha.

"Hii ni nyumba ya baba yako," alisema, "na wa kuiezeka ni kaka yako. Wewe umeolewa. Ukiniezekea wewe, watu watasema nini juu ya mwanangu? Watasema nilizaa mwanamume wa jina tu."

"Watasema ukweli, mama."

"Kaseme dukani kwako. Si hapa."

Ndivyo tulivyo huku. Binti aliyeolewa akimwezekea mama yake wakati kaka mkubwa yupo hai na ana kazi, amemvua nguo kaka huyo mbele ya jumuiya nzima. Mama alikuwa radhi kulowa kuliko mwanawe aaibike. Niliyarudisha mabati Mbinga nikiwa nimekasirika hata dereva hakuthubutu kufungua redio.

Sasa huyo kaka. Yuko Dar es Salaam, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, na ndiye mwenyekiti wa familia. Anatuongoza kwa simu, kwenye kundi la familia. Nikiandika kwamba bati la mama linavuja, ananijibu kwa picha ya mikono miwili inayosali. Nikiandika kwamba mama anakohoa, mikono. Dada yetu aliyeolewa Mbamba Bay, ambaye hajawahi kupingana na kaka tangu huyo kaka alipomsaidia mwanawe kupata chuo, anaongeza "Amina." Nina simu iliyojaa mikono ya kaka, na hakuna hata mmoja uliowahi kushika nyundo.

Halafu mwezi wa tisa mikono ikaamka. Familia moja ya jirani ilikuwa imejenga kibanda juu ya kaburi la babu yao: nguzo nne za bomba la chuma na paa la bati juu yake. Mtoto wao, aliyesoma na kaka, akarusha picha. Kaka nadhani hakulala. Asubuhi tukakuta ujumbe mrefu kama waraka wa maaskofu, wenye mambo ya heshima, urithi na shukrani, ukiishia hivi: "Mzee wetu hawezi kuendelea kunyeshewa."

Nikajibu neno moja. "Na mama?"

"Mama tutamjadili baada ya shughuli," akaandika kaka.

"Amina," akaandika dada.

Kaka alifika wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi. Alikuja na glavu, na kofia ngumu ya wajenzi, na makopo ya rangi ya kijani ya kuzuia kutu aliyoyabeba kutoka Dar es Salaam mpaka Mbinga, akapita mbele ya duka langu, ambalo lina rangi ya kuzuia kutu kuanzia sakafuni mpaka darini. Alisema yake ni ya kiwango kingine. Dada naye alipanda kutoka ziwani na ndoo ya usipa mkavu na maneno. Kwake, hakuna anayejua kutu kama watu wa Mbamba Bay. Ziwa Nyasa halina hata chembe ya chumvi, lakini ukimsikiliza dada linavyotafuna chuma utadhani kaolewa katikati ya bahari.

"Kule kwetu," alimwambia mama, "ukianika sufuria jioni, asubuhi unakuta mpini."

"Pole, mwanangu," mama akasema, akasogeza kidogo beseni lake kwa mguu.

Fundi alikuwa ameshachomea nguzo. Kaka alinunua mabomba yaliyokwisha tumika, yenye kutu ya magamba, na mabati mapya kabisa, meupe, hata vumbi la dukani halijatoka. Nilidhani ameagiza hivyo kwa kukosea. Asubuhi ya kupaka, ukungu ulikuwa haujaondoka mlimani na mabomba yalikuwa yanatoka jasho. Kaka alifungua kopo, akakoroga kwa kijiti cha mbuni.

"Kaka, chuma kimelowa," nikamwambia. "Subiri jua. Na hayo magamba ukwangue, brashi ya waya nimekuja nayo."

"Mdogo wangu, hii ni ya kisasa. Inapakwa juu ya kutu, moja kwa moja. Nimeangalia video."

"Video ya wapi?"

"Ya Wazungu."

"Na hao Wazungu bomba la Maguu lenye umande wamelionea wapi?"

Alicheka kile kicheko chake cha mkutanoni, akaanza kupaka. Alipaka maji, alipaka magamba, alipaka mdudu mmoja aliyekuwa anapanda nguzo kwa shughuli zake. Kisha akapanda ngazi akayapaka yale mabati mapya, ambayo hayakuwa na kutu wala hayakutarajia kuwa nayo karibuni, tena bila kuyafuta yale mafuta ya kiwandani yanayokataa rangi. Hapo nilicheka kwa sauti. Alikuwa anampa dawa ya malaria mtu asiye na homa, na mgonjwa mwenyewe yuko hatua chache pale juu, anaonekana, mwekundu tangu kofia ya paa mpaka ukingoni.

Rangi ikabaki. Nikaona nafasi yangu. Nilimwambia kaka, kwa upole ambao sikuwa nao, kwamba kama hana mpango wa bati jipya kwa mama, basi walau tuondoe yale yaliyooza juu ya chumba chake, yaliyobaki tuyakwangue, tuyape praima, na hii rangi iliyobaki iende pale. Alitazama paa. Alitazama barabara. Alitoa simu akasimama pale Padre atakaposhukia garini, akapiga picha, akaiangalia.

"Upande huu tutaupaka," akasema.

Akaupaka. Upande wa barabara tu, alasiri moja, juu ya kutu, juu ya matundu, juu ya vinyesi vya njiwa. Upande wa pili, unaotazama shamba, aliuacha kwa kuwa shamba halipigi picha. Rangi ilikuwa nzito kwa sababu hakutaka kurudia, na matundu madogo yakazibwa na utando wake. Kutoka barabarani nyumba ya mama ilipendeza kama ya mfanyabiashara wa kahawa.

Mama alitoka uani akatazama juu, akapiga kigelegele.

"Mwanangu ameniezekea!"

"Amepaka, mama. Hajaezeka."

"Na kupaka si kazi? Wewe una wivu." Akaenda kumchinjia kuku.

Kwa kweli siku ile nilimchukia kaka, na mama nilimkasirikia karibu sawa naye. Nilikaa jikoni nikinyonyoa kuku wa sherehe ya matundu.

Siku ya baraka ilianza vizuri. Padre alikuja baada ya makaburi ya kigangoni, mtu mnene mwenye sauti nzuri, pamoja na katekista na jumuiya yetu yote. "Tumsifu Yesu Kristo," tukaitika, tukashuka kaburini. Kibanda kilikuwa kinawaka kijani katikati ya mibuni. Padre akanyunyiza maji ya baraka juu ya kaburi, na alipoona kaka anamtazama, akanyunyiza na mabati. Kaka alitoa hotuba. Alisema mzee alijitolea maisha yake kwa ajili yetu na sisi hatuwezi kumwacha nje. Alisema "nje" mara nyingi. Dada alilia. Mama alisimama kando yake, mfupi, amevaa kitenge kipya, akimtazama mwanawe kwa fahari mpaka nikageuza uso.

Tulipanda nyumbani kula. Padre alikalishwa sebuleni kwenye kiti cha baba, katekista kando yake, wazee kwenye mabenchi, wengine uani chini ya turubai. Wali ulipakuliwa. Na wakati kaka anamkaribisha Padre achukue paja, mvua ya kwanza ya msimu ikashuka, bila ngurumo, bila kuomba radhi, moja kwa moja.

Watu wa uani wakakimbilia ndani. Sebule ikajaa. Kwa muda mfupi paa lilivumilia, na nilimwona kaka akivuta pumzi. Halafu juu, kwenye matundu yaliyozibwa na rangi, tukaona vitu vinavimba, vya kijani, kama malengelenge. La kwanza likapasuka juu ya wali wa Padre. Maji yake yalikuwa mekundu ya kutu. La pili likampata katekista shingoni. Kisha yakapasuka yote, moja baada ya jingine, na kule chumbani kwa mama, upande wa shambani, ambako hapakuhitaji kupasuka kitu, tulisikia beseni limeanza kazi yake.

Watu wetu wana adabu, waliinamisha vichwa wakaendelea kula wali wenye kutu. Kaka alikuwa amesimama katikati ya sebule, uso wake umekauka kuliko kitu chochote humo ndani. Akafungua mdomo, nadhani aseme kwamba ni hali ya hewa.

Mama alimtangulia. Alipita kati ya watu, akachukua sahani ya Padre mikononi mwa Padre, akaifunika kwa upande wa kitenge chake.

"Baba Paroko, samahani, inuka," alisema, kwa sauti ile ile anayokaribishia wageni. "Twende kwa mume wangu. Kule hakuvuji."

Nimemjua mama yangu miaka yote na sijui mpaka leo kama maneno yale alikuwa ameyaandaa. Sidhani. Nadhani aliona mgeni wake analowa, akafikiria mahali pakavu katika boma lake, akakuta ni mahali pamoja tu. Lakini alipokwisha kusema, alisikia mwenyewe alichosema. Nilimwona anasikia. Akamgeukia kaka, akamtazama muda mrefu, na safari hii hakukuwa na kigelegele.

Padre aliinuka. Angefanya nini? Alishuka bondeni kwenye mvua, mwavuli juu, mama mbele yake na sahani, na jumuiya nyuma yao kwa msururu kama maandamano ya Ekaristi. Walibanana chini ya kile kibanda, Padre kichwani pa kaburi, bibi watatu wameketi ubavuni mwa kaburi kana kwamba ni benchi, miguu yao mikavu. Bibi mmoja akaanza kucheka, akajaribu kuzuia kwa kanga, akashindwa, na wote wakafuata, mpaka Padre akaweka kijiko chini akacheka na tumbo lake lote. Katekista aliegemea nguzo. Alipotaka kuondoka, shati likabaki nyuma, maana rangi ya kisasa ilikuwa bado haijakauka juu ya ule umande wake.

Kaka hakuingia kibandani. Hapakuwa na nafasi. Alisimama kwenye mibuni akinyeshewa, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakuwa na simu mkononi.

Asubuhi iliyofuata alinijia mapema, hajanyoa, akaniuliza kwa sauti ya chini mabati nauzaje. Nilikuwa na majibu mengi nimeyaweka tayari tangu mwezi wa tisa, makali yote. Kabla sijachagua, mama akatokea mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Mabati ya nini?" akauliza.

"Ya chumba chako, mama," akasema kaka.

"Mabati yapo." Akanyoosha mkono kuelekea kaburini. "Yale yanatosha chumba changu, nimeyapima kwa macho. Tena yamebarikiwa."

"Mama, yale ni ya baba."

"Baba yako nimelala naye miaka yote kwenye nyumba hii. Hajawahi kulalamika kuvujiwa hata siku moja. Mwenye kulalamika ni mimi, na nimenyamaza kwa ajili yako. Sasa nimechoka."

Dada akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kwa hiyo tuliyashusha. Kaka alipanda mwenyewe, bila glavu, kwa sababu glavu ziligandia kwenye nguzo. Tuling'oa yale yaliyooza juu ya chumba cha mama. Mengine yalivunjika mkononi kama biskuti. Mimi nilisimama chini nikamsimamia kuliko nilivyowahi kumsimamia fundi yeyote. Nilimkwangulisha kwa brashi ya waya kila bati la zamani lililobaki, pande zote mbili, na hasa ule wa shambani, mpaka mabega yakamuuma. Nilimpigisha msasa. Nilimpakisha praima kwenye kingo zilizokatwa na kuzunguka kila msumari, huko ndiko kutu inakoanzia, nikamwambia tunasubiri ikauke. Alikaa kwenye ngazi akasubiri. Mvua ilipisha jua la kutosha. Nilimwonea huruma mara moja, alipofuta jasho na kujipaka wekundu wa kutu paji zima la uso, kisha nikakumbuka ile mikono kwenye simu, huruma ikapita.

Mama alikuwa ameketi chini ya dirisha akichambua maharage. Bati la mwisho lilipokuwa linapigiliwa, aliinua kichwa akatazama lile paa la kijani juu ya kitanda chake, halafu akatazama kule bondeni, nguzo nne zimesimama bila kitu juu yake.

"Baba," alimwita kaka, jina la upole, kama alivyomwita alipokuwa mdogo. "Siku yangu ikifika, msije mkaniwekea paa. La kwangu nimeshalitumia."

Kaka alikuwa na misumari mdomoni. Alibaki ameshika nyundo, machozi yanamtoka, na mimi nikashika ngazi isiteleze.